Mikono ya Bwana Rovirosa

Bwana Rovirosa aliniudhi hata aliponisalimia. Filamu yake ya wizi uliotokea kweli katika duka la vito ilisifiwa Barcelona nzima kabla ya kuonyeshwa: haina nyuso, haina maandishi, ni mikono mitupu. Mikono yafungua kufuli, mikono yazoa lulu. "Uso hudanganya, mkono hausemi uongo," alipenda kujigamba.

Lakini picha bubu huhitaji mdomo, na mdomo wa ukumbi ule ni mimi, Baldiri, nisimamaye kando ya pazia nikiwaeleza watu wanachokiona. Akaniamuru: wizi ukianza, nimtaje kuwa ndiye mwizi Ferriol, mlinzi wa duka hilo, aliyefia rumande hata kesi haijasikilizwa.

Mjane wake, Remei, alinivizia mlangoni.

"Ukilitaja jina hilo, mwanangu hapati kazi bandarini. Ataitwa mtoto wa mwizi mpaka azeeke."

"Mama, mimi naambiwa cha kusema."

"Kwani mdomo ni wake au wako?"

Akaingia, akakaa mstari wa mbele.

Rovirosa alikaa nyuma yake na marafiki, mguu juu ya mguu. Pazia likajaa mikono, kubwa kuliko milango. Watu wakasahau hata lozi zao. Nami ndipo nikaona: kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa nusu, kama cha Rovirosa. Bwana mkubwa haamini mwigizaji yeyote, kwa hiyo mikono kaicheza mwenyewe.

"Mtaje," akafoka chinichini. "Umemeza ulimi?"

Nilimchukia mno wakati ule, na chuki ikanipa sauti.

"Jamani, mwizi ndiye huyo. Kitazameni kidole, ni nusu. Ferriol alikuwa na vingapi?"

"Kumi," alisema Remei bila kugeuka. "Maiti niliiosha mwenyewe."

"Basi mwenye mkono huu tunaye humu humu."

Taa zilipowashwa, Rovirosa alikuwa keshautia mkono mfukoni. Hilo ndilo lililommaliza.

"Toa mkono tuuone," mpakuzi mmoja wa mizigo akamwambia. "Si ulisema hausemi uongo?"

Walimzomea mpaka barabarani. Mwenye ukumbi akanifukuza papo hapo.

Remei hakunishukuru, wala hakuinuka.

"Na kesho?" akauliza.

"Kesho atasimama mwingine, naye atamtaja mumeo."

Akavuta shali yake, akajiweka sawa kitini.

"Basi atanikuta hapa hapa. Vidole nitamhesabia mimi."