Salfa Iko Ajenda ya Saba

Mimi ndiye katibu wa chama chetu cha ushirika hapa Chunyu, na siku hiyo tulikuwa na jambo moja tu la maana la kuamua. Mikorosho ilikuwa kwenye maua, na ugonjwa wa ubwiri ulishaanza kuyafanya meupe kama yamemwagiwa unga. Stefano, dereva wa lori la salfa, dawa ya ubwiri, alikuwa amesimama njia panda ya Nanganga akisubiri barua yetu ya kupokea mzigo. Mwenyekiti akisaini, naipiga picha, namtumia, lori linakuja kwetu. Ikifika saa sita bila barua, linakwenda Nachingwea kwa chama kingine, na sisi tutangoja wiki tatu. Wiki tatu baadaye hakuna ua la kupulizia.

Mzee Yasini alikuwa nje barazani tangu asubuhi. Si mjumbe wa bodi, haruhusiwi kuingia kikaoni, ila mikorosho yake mia na ishirini ndiyo shamba lake lote.

Kikao cha saa tatu kikaanza saa nne. Dua, sawa, dua siikatai. Kisha utambulisho. Tuko watu saba, tumekua pamoja, wawili ni mtu na shemeji yake, lakini tulisimama mmoja mmoja kutaja majina. Nikasoma muhtasari wa kikao kilichopita, kurasa sita. Kisha yatokanayo, na hapo tukakwama kwenye pazia la ofisi: nani aliagizwa alinunue, na kwa nini ni la kijani.

Saa tano na nusu uvumilivu ukanishinda.

"Mwenyekiti, naomba saini yako tu. Lori linaondoka."

Mwenyekiti Mohamedi akavua miwani. Si mtu mbaya, na mikorosho yake inaugua kama ya wenzake.

"Katibu, salfa iko ajenda ya saba. Sisi tuko ya tatu. Tukianza kurukaruka, kesho mtu atasema kikao hakikuwa halali."

"Basi tubadilishe mpangilio."

"Wazo zuri," akasema Hajra, mjumbe aliyekaa karibu nami. "Lijadiliwe."

Likajadiliwa. Rashidy akauliza kama kubadili ajenda kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe. Faudhia akauliza theluthi mbili ya watu saba ni wangapi. Mungu anisamehe, nilitamani kuwapiga na daftari la mahudhurio.

Saa sita na dakika kumi mikono yote ikanyooshwa. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasaini taratibu, akagonga muhuri, nikatuma picha na kumpigia Stefano. Simu ikiwa bado inaita, Mzee Yasini akachungulia dirishani.

"Mwanne, mwanangu, nimesikia makofi. Wamekubali?"

"Wamekubali, babu."

"Alhamdulillahi," akasema, akaondoka mbio mbio kuelekea kwake.

Ndipo Stefano akapokea. "Dada, nimekungoja mpaka saa sita kamili. Bosi kanipigia, kasema niende. Nanganga nimeshaiacha nyuma, sina ruhusa ya kugeuza."

Nikawaambia wajumbe. Mwenyekiti akakohoa.

"Jambo la kusikitisha. Napendekeza tuunde kamati ndogo ilifuatilie. Kwa sasa turudi kwenye yatokanayo."

Nikasimama, nikafunga daftari.

"Katibu, unatoka bila kuomba ruhusa?"

Nilikuwa na hasira hata viatu vilinishinda kuvaa vizuri pale mlangoni. Nikakimbia njia ya mashambani nikimwita mzee, lakini masikio yake si ya juzi, na siku hiyo miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu.

Nilimkuta uani kwake, majirani wanane wamemzunguka. Alishawapangia nani aanze kupulizia, nani afuate, bomba la nani litumike shamba lipi, na akina mama gani wachote maji. Nadhani haikumchukua hata dakika tano. Hakuna aliyebisha.

"Huyu hapa katibu," akawaambia, akanisogezea kigoda. "Atuambie salfa inafika saa ngapi."

Wote wakanigeukia.