Nusu Toni

Miaka kumi na miwili nimeipigia piano kwaya ile, na miaka kumi na miwili mwalimu wa kwaya ananiahidi dakika nane zangu mwenyewe kwenye tamasha la mwisho wa mwaka. Kipande kimoja tu, mimi na piano. Kila mwaka mama yangu hupiga pasi gauni lake la bluu, na kila mwaka ratiba hutoka bila mimi. Nimesomea piano tangu nina miaka sita, mgongo ukapinda, ili niitwe "yule dada wa kinanda".

Safari hii sababu ilikuja kwa maandishi: majaji wa mashindano yaliyopita walilalamika kwamba mpiga piano hapigi nota zilizoandikwa.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Ni kweli, sipigi zilizoandikwa. Wimbo wetu mkubwa una beti mbili zinazoimbwa bila piano, na kwaya ile ikiachwa peke yake hushuka sauti. Besi wanachoka, wengine wanawafuata, na ubeti wa pili ukiisha wote wako nusu toni chini, yaani hatua moja ndogo ya sauti, wala hakuna mwenye habari. Hapo ndipo piano inaingia. Basi mimi huwafuata huko huko chini, kila nota nikiihamisha kichwani papo hapo. Halafu watu wanawasifu waimbaji kwa masikio yao mazuri. Masikio gani?

Jana mazoezini nikasema potelea mbali. Ubeti wa pili ulipoisha, nikaingia kama ilivyoandikwa. Ilikuwa aibu tupu. Kila mwimbaji akashika njia yake, besi mmoja akakaa chini, na mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza kama naumwa. Mwalimu akawapa mapumziko, akaja kando ya piano.

Nikamwambia hizo ndizo nota zilizoandikwa, na kwamba miaka yote nimekuwa nikiwafichia aibu.

"Najua," akasema, akiangalia viatu vyake. "Nimejua tangu mwaka wa kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi ananinyima dakika zangu.

"Ukipiga peke yako, dada, watu watakusikia. Watakuchukua. Sisi tutabaki na nani?"

Waimbaji walikuwa wanarudi na chupa zao za maji, wanajipanga. Nikampigia mama yangu simu, nikamwambia asikate, nikailaza juu ya piano na kuifungulia spika. Mwalimu akainua mkono kuanzisha wimbo. Nikaanza mimi, kipande changu, dakika zote nane, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Nilipomaliza, mama akauliza kwenye simu kama mwaka huu avae gauni au alirudishe kabatini. Nikamtazama mwalimu, nikasubiri yeye amjibu.