Swali la Kidoti

Mama Rula aliajiri mafundi wengi katika karakana yake ya sare za shule, na hakuwahi kuajiri mtu kwa maneno. Anakupa kola, anakaa pembeni, anakutazama. Ukikimbilia mkasi kabla ya kukishika kitambaa, huna kazi. Stashahada yake ya ushonaji ilining'inia ukutani, lakini kilichoogopwa zaidi ni ile rula ya mbao iliyompa jina.

Kwa hiyo mumewe alipofariki ghafla, na binti yao akawa mtoto wa kukaa tu, kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe, Mama Rula aliamua kumtafutia mshauri nasaha kwa utaratibu uleule. Mtoto hakuwa amelia, hata makaburini, na hilo ndilo lililomkosesha mama raha.

"Wifi, unatafuta mshauri au fundi mashati?" dada wa marehemu alimuuliza kwenye simu.

"Kazi ni kazi. Anayeijua utamwona tu."

"Haya. Usije ukampa kola ashone."

Kola hakumpa mtu. Jaribio alilileta mtoto mwenyewe. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni, alikuwa na swali moja tangu mazishi. Aliliuliza akiogeshwa, aliliuliza na tonge mkononi: "Baba anasikia baridi?"

Mama Rula hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Aliyekufa hasikii baridi, mwanangu. Wala njaa, wala maumivu."

Jibu lilikuwa sahihi. Kesho yake swali likarudi palepale.

Mshauri wa kwanza alikuwa binti mwenye sauti laini na vipepeo vya karatasi ukuta mzima. Alipoulizwa, akamshika Kidoti mikono yote miwili. "Baba amekuwa nyota, mpenzi. Anakutazama kila usiku."

Kidoti akamgeukia mama yake. "Si ulisema yuko kaburini?"

"Nilisema."

"Basi huyu hajui."

Wakaaga kwa adabu.

Wa pili alikuwa na vyeti vingi kuliko kuta za kuvitundika, na kila swali alilirudisha lilikotoka. "Wewe unaonaje?"

"Mimi nimekuuliza wewe," Kidoti alisema. Walipofika kwenye korido akamvuta mama yake sketi. "Huyu naye hajui, ila anaficha." Mama Rula alicheka mpaka akajishtukia. Alikuwa amesahau kicheko chake kinasikikaje.

Wa tatu alikuwa mwanamume mnene, zamani muuguzi wa wodi ya watoto. Pazia la chumba chake lilikuwa limefumuka pindo, likashikizwa kwa pini. Mama Rula aliziona pini kabla ya kumwona mtu. Huyu ameshaanguka, alijisemea moyoni.

Yule bwana alikaa kwenye kigoda cha kitoto, magoti karibu yaguse kidevu.

"Shikamoo," Kidoti alisema.

"Marahaba. Ndiye wewe Kidoti?"

"Ndiye," Mama Rula alidakia. "Ana miaka saba, hali chakula vizuri, shuleni wanasema..."

"Mama, nimemuuliza yeye. Na wewe zamu yako inakuja, usijali."

Tangu amalize chuo hakuna aliyekuwa amemnyamazisha Mama Rula.

Kidoti akamkazia macho yule bwana. "Baba anasikia baridi?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa mama. Yule bwana hakujibu, wala hakulirudisha swali. Aliuliza taratibu, "Siku ile alipoondoka, kulikuwa na baridi?"

Kidoti akaangalia vidole vyake. "Alisema kuna baridi. Alikuwa anatafuta sweta lake aende kazini. Nililificha mimi."

"Ulilificha wapi?"

"Chini ya godoro langu. Nilitaka achelewe, ili abaki tucheze. Akaenda bila sweta." Sauti ikapungua. "Halafu akafa."

Wiki zote zile Mama Rula alikuwa akilijibu lile swali kama mtu anayepiga pasi shati bila kuangalia kama limefuliwa. Akafungua mdomo aseme ni moyo, daktari alisema ni moyo, kama alivyoandika kwenye fomu ya mapokezi. Yule bwana akamtazama tu. Akaufunga.

"Kidoti, baridi haikumuua baba. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na hakuna aliyejua, hata yeye. Angevaa sweta, angejifunika na blanketi juu yake, moyo ungesimama vilevile."

"Una uhakika?"

"Ninao. Nimeuguza watu miaka mingi."

"Na kulificha je?"

"Huo ni utundu wa mtoto anayetaka kucheza na baba yake. Utundu huo hauui mtu."

Kidoti aliuma mdomo. "Mama atoke nje."

"Mimi?"

"Kidogo tu. Nikilia na wewe utalia, halafu nani atapika?"

Mama Rula akatoka. Akakaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akisikiliza. Kilio kilianza kidogo, kama kwikwi, kisha kikafunguka chote, kilio kikubwa kwa mtoto mdogo vile. Alishtukia amesimama, mkono kwenye kitasa. Hakuwa mtu wa kuacha kazi mikononi mwa mwingine akisikia inaharibika. Lakini hii haikuwa inaharibika. Akaachia kitasa, akarudi kukaa.

Simu ikaita. Alikuwa wifi yake.

"Vipi, mmepata?"

"Tumepata."

"Ana vyeti?"

"Sijauliza."

"Wewe? Hukuuliza? Unaumwa?"

"Wifi, nyamaza kidogo. Mtoto analia."

Mama Rula akaiondoa simu sikioni, akaielekeza mlangoni ili na shangazi mtu asikie.