Wazamiaji na Kokwa

Mhariri alikuwa akinywa chai ofisini pale bawabu alipomletea wageni wawili, mwanamke na mwanamume, polisi waliovaa kiraia. Mwanamke akaweka mezani toleo jipya la kitabu cha mchezo, lililoingia madukani wiki iliyopita.

Ni mchezo wa kuigiza: marafiki wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mkazi wa mji wa kesho unaotawaliwa na makampuni na kompyuta. Toleo la kwanza lilisema "wadukuzi", wachezaji wakalalamika kwamba neno hilo linanuka taarifa ya habari. Mhariri akakuna kichwa hadi akachoka, akamwendea mdogo wake, kitindamimba wa kwao, fundi wa kompyuta mwenye maneno mengi. Akatoka kwake na maneno mapya: mdukuzi akawa "mzamiaji", alama anazoacha nyuma zikawa "povu", na nywila kuu ya mtambo ikawa "kokwa".

Yule mwanamke akaweka kidole kwenye neno kokwa. Akaeleza kwa upole kwamba wale wadukuzi waliozima mitambo ya maji, mji mzima ukashinda na mabomba makavu, huandikiana kwa maneno hayohayo, na hayajapata kutangazwa popote.

"Umeyatoa wapi?"

Mhariri akasukuma kikombe pembeni. "Nimeyabuni mwenyewe," akasema.

Wakamwachia namba ya simu, wakaaga bila kubishana. Utulivu wao ndio uliomtia hofu zaidi.

Alifika kwa mdogo wake nusu akikimbia, akamkuta ameinamia kompyuta, bisibisi mkononi. Akafunga mlango, akamsimulia yote, akihofia atakalojibiwa.

Lakini fundi hakuwa mmoja wa wale waliozima maji. Mteja alimletea kompyuta iliyomwagikiwa maji, na katika kuokoa mafaili yake alisoma mazungumzo mawili matatu, akadhani ni vijana wanataniana. Maneno yakamkaa kichwani. Mhariri akashusha pumzi, ila mdogo wake alizidi kusawajika.

"Dada, ile kompyuta hakuna mwingine aliyeifungua. Ni mimi tu. Na wewe umenitaja kwenye ukurasa wa shukrani, jina na kazi."

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa taratibu.

"Fundi, upo? Nataka tuongee kidogo."

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa: ndiye yule mteja. Mhariri akamvuta nyuma ya kabati la vipuri, akapiga ile namba aliyoachiwa. Kitasa kilikuwa kikizungushwa.

"Nilikudanganya," akanong'ona simu ilipopokelewa.

"Najua. Nilisoma shukrani," mwanamke akajibu. "Tuko nje. Msifungue."

Zikasikika hatua, kishindo cha mtu kubanwa ukutani, kisha kimya.

Mteja alikamatwa, lakini wenzake hawajulikani walipo. Fundi alitoa maelezo yake polisi, akafunga duka, akahamia kwa shangazi yao, mbali. Kitabu kilipochapwa tena kilirudia "wadukuzi", bila ukurasa wa shukrani, na wachezaji wakaandika kwa hasira kwamba mhariri amekuwa mwoga. Yeye huwasoma wote wala hamjibu yeyote. Siku hizi bawabu amezoea kumpigia simu kwanza kabla ya kumpandishia mgeni, hata akiwa ni muuza karatasi tu.