Sekunde Tisa za Mvua ya Mawe

Hakuna timu iliyothubutu kuja Ardell, Nebraska, mwezi wa Aprili ikaifunga Mvua ya Mawe, timu yetu ya mpira wa Kimarekani wa ukumbini. Hakuna, naapa! Haya basi, nisile yamini bure: Aprili ukumbi ulikuwa na maonyesho ya matrekta, hakuna timu iliyokuja. Machi na Mei Mvua ya Mawe ilifungwa na kila aliyepita njia.

Timu ilizaliwa Machi. Jumapili hii ya Juni, wakati wa mapumziko, mwenye timu, muuza magodoro, alishika kipaza sauti akasema huu ndio mchezo wa mwisho, asanteni sana, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Bi Verna Svoboda alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, vidole vya miguu vikigusa ukuta wa sponji unaozunguka uwanja. Chini ya zulia la nyasi bandia barafu ya ukumbi, ile ya kutelezea wakati wa baridi, ilikuwa bado ipo, imelala, inapumua, na baridi yake ikimpanda magotini kama paka. Ndiyo maana alijifunika blanketi. Katika mchezo wa kwanza kabisa, mchezaji kijana Lamonte Pruitt alisukumwa juu ya ukuta huo akamwangukia mapajani, akamponda yeye na soseji aliyokuwa akila.

"Samahani, mama!"

"Usiharakishe kuondoka," akamwambia. "Miaka kumi na mmoja sijaangukiwa na mwanamume."

Kijana akahamia chumba cha juu nyumbani kwa Bi Verna. Mchana akibeba magunia ya chakula cha ng'ombe, jioni akimaliza kolache zote, yale maandazi ya plamu ya Bi Verna, na kuimba bafuni. Ngazi zikaanza kulia tena ndani ya nyumba. Na kesho asubuhi, basi la kumrudisha kwao Alabama.

Sasa, mpira ukivuka ukuta ni mali ya aliyeudaka, ndiyo mila ya mchezo huu wa ndani, na watu wa Ardell walikwisha kuipeleka mipira yote juu ya televisheni zao. Ulibaki mmoja. Ukarushwa kwa Lamonte, ukagonga mlingoti wa goli, ukapaa kwenye taa. Ukumbi mzima ukatazama juu. Bi Verna hakutazama, shingo yake haimruhusu. Mpira ukatua mapajani mwake polepole, wa moto kidogo, kama mkate. Akaufunika kwa blanketi.

Saa ya mchezo ikasimama.

Watu wakainama chini ya viti kuutafuta, kisha wakaacha kuinama. Hakuna aliyeondoka. Vumbi la bisi likaelea kwenye mwanga, wachezaji wakalala chali juu ya zulia, mtoto mmoja akasinzia, na ikawa kama Jumapili ile haina Jumatatu. Bi Verna akafikiri: mchezo usipokwisha, nani atapanda basi?

Mwamuzi akaja. "Mama, mpira umeangukia huku."

"Mpira gani, baba?"

"Na hilo tumbo?"

"Kolache. Au unataka kupapasa?"

Mwamuzi akawa mwekundu, akaenda zake.

Lamonte akavua kofia yake ngumu, akaketi juu ya ukuta. "Bi Verna, hukuuona?"

"Niuone wapi, mwanangu? Miwani nimeisahau kanisani. Hata wewe nakujua kwa jasho tu."

"Msimu mzima sijavusha mpira mstari wa mwisho nikafunga. Hata mara moja. Nilitaka nikifika nyumbani nimwambie mama nilivusha."

"Mwambie tu. Nani atakwenda kuuliza?"

"Mimi si mwongo kama watu wengine."

Bi Verna akakohoa. Chini ya blanketi alikuwa akiupapasa mpira, mshono kwa mshono. "Ukimaliza, utaondoka."

"Nisipomaliza pia nitaondoka, Bi Verna. Tiketi ninayo."

Barafu ikatoa mlio mdogo chini ya nyasi. Lamonte akageuka akatazama ubao wa saa, ule ulioko mwisho kabisa wa ukumbi, akashusha pumzi.

"Basi yaishe. Sekunde zenyewe nne, ningefanya nini na sekunde nne?"

"Nne za wapi?" Bi Verna akamaka, kidole kimenyooka hadi kule mbali. "Tisa!"