Mapigo Matatu Ng'ambo ya Bonde

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ofisini, ukatanda juu ya mafaili. Secilia alisimama mbele ya meza, mwanawe Klara amelala mgongoni, akimtazama Mkuu wa Shule, mzee Hezekia, akiisoma barua yake kwa kidole. Leo ndiyo leo: ama afundishe hisabati sekondari hapa Lushoto, ama arudi shule yake ya msingi kule Mtae.

"Ualimu Daraja A," Hezekia alisoma. "Madarasa ya jioni Tanga, miaka miwili. Aljebra na jiometri kwa posta. Trigonometria... mbona hapa patupu?"

"Siku ya mtihani nilikuwa wodini, Mkuu. Najifungua."

Makamu wake, Mwalimu Abdallah, akaangua kicheko. "Basi mtihani wenyewe ndio huo mgongoni!"

"Na hapa juu," Hezekia aliendelea, "umeandika ulianza hisabati Mtae, ukiwa na miaka saba. Shule gani hiyo?"

"Si shule, Mkuu."

Akawasimulia. Baba yake alikuwa akikata mikaratusi ng'ambo ya bonde. Shoka lilishuka kimya kabisa, kisha mlio ukaja baadaye, peke yake, umechoka na safari. Secilia, mtoto wa miaka saba, akaamini kwamba hewani kuna njia, na kila apitaye huchukua muda. Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo tangu shoka lishuke mpaka mlio ufike. Miaka ikapita. Jioni moja Tanga, chini ya karabai, mwalimu akaandika ubaoni mwendo wa sauti: mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Secilia akalengwalengwa na machozi, kama mtu aliyesikia jina la baba yake likitajwa ugenini.

Hezekia akafungua dirisha. Ukungu ulikuwa umepasuka. Upande wa pili, mtu alikuwa juu ya paa la ghala la kijiji cha ujamaa, akigongelea mabati polepole.

"Haya, Ndugu Secilia. Yule yuko mbali kiasi gani?"

Secilia akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Nyundo ikashuka. Moja, mbili, tatu. Ngo!

"Mita elfu moja na ishirini."

Mzee akakunjua ramani, akapima kwa rula. "Mia saba. Tena pungufu."

Abdallah akakohoa. Secilia akaiona njia ya Mtae, kona kwa kona, yote ikimsubiri. Kisha akasema, "Mwalimu Abdallah, niazime saa yako."

Akashika mkono wake mwenyewe dakika nzima.

"Mapigo tisini kwa dakika," alisema. "Siku zote ni sitini, pigo moja sekunde moja. Leo naogopa, Mkuu, moyo unakimbia. Mapigo matatu ya leo ni sekunde mbili tu. Mita mia sita na themanini."

Hezekia akavua miwani. "Vijana wangu wakikosea huchungulia kwa jirani," alisema taratibu. "Chukua Kidato cha Kwanza na cha Pili. Cha Tatu, mpaka ufanye hiyo trigonometria Novemba. Hapo sibembelezwi."

"Nitaifanya, Mkuu."

"Basi nenda, wanakusubiri."

"Sasa hivi? Na mtoto?"

Abdallah akanyoosha mikono. "Lete huku. Ninao wanne nyumbani, kujumlisha nimezoea."

Secilia alipoingia, darasa zima likasimama, nusu yao warefu kuliko yeye. "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Chaki ilikuwa imelowa ukungu. Akaifuta kwenye khanga, akageukia ubao.