Kifaranga Chini ya Chandarua

Taarifa ya ujio wa mama mkwe ilifika Gongo la Mboto asubuhi, kwa simu ya Brightson, mchumba wa Anastasia, aliyehema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Mama yake yuko njiani kutoka Mabibo. Anakuja kukagua vyandarua.

Anastasia alitupa jicho uani. Mama mkwe huyo, Bi Kokuberwa, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba kufundisha watu kujikinga na malaria, na ilijulikana kwamba mchumba wa kwanza wa Brightson aliachwa kwa sababu chandarua chake kilikutwa bado kwenye mfuko. Anastasia alikuwa amemwapia Brightson kwamba kwao vyandarua vinatumika. Na kweli vilitumika. Kimoja kilifunika mchicha, kingine vifaranga.

Mama yake, Mama Editha, alitetea sera ya familia: mbu hunyonya tone tu, ilhali kunguru huondoka na kifaranga kizima. Hata hivyo alikaza khanga, wakakimbilia uani. Chandarua cha mchicha kilikuwa matambara. Cha vifaranga kilikung'utwa, kikanyunyiziwa marashi, kikatundikwa juu ya kitanda cha Anastasia kwa heshima zote za kitaifa. Vifaranga wenyewe hakuna aliyewahesabu.

Bi Kokuberwa aliingia amekumbatia chupa kubwa ya kioo yenye maji na ua linalotambaa, zawadi aliyoilea mwenyewe sebuleni kwake. Anastasia akapiga magoti, akaamkia, akaipokea. Ndipo alipoona, ndani ya yale maji, viluwiluwi vya mbu vikijikunja na kujikunjua kama viko kwenye ngoma ya singeli.

Akafunga mdomo. Kumwambia mwenyekiti wa vita dhidi ya mbu kwamba amebeba mbu kwenye zawadi ni kutafuta kubaki bila mume. Akaiweka chupa mezani, wakaingia chumbani.

Bi Kokuberwa alipapasa chandarua, akakivuta pembe, akakinusa, akataka kujua marashi ni ya nini. Mama Editha akajibu kwamba kwao Masasi ndiyo desturi, jambo ambalo Masasi nzima ingelisikia kwa mara ya kwanza.

Mto ukasema, "Piyo."

Wote watatu wakautazama.

"Mbu wenu mkubwa," alisema Bi Kokuberwa taratibu.

Kifaranga akachomoza, akajikung'uta, akajisaidia juu ya shuka jipya. Mama Editha aligeukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Anastasia akaiona ndoa yake ikipaa na kunguru. Kwa kuwa alishaona amekosa mume, akaona heri aseme tu. Akaifuata chupa mezani, akarudi nayo.

"Nisamehe, mama. Huyo wa kitandani ni wangu. Hawa ni wa kwako."

Bi Kokuberwa akavaa miwani, akainama.

"Lakini maji haya ni safi," alisema, sauti ikiwa imeshuka cheo.

"Ndiyo wanayoyapenda, mama. Mbu wa homa ya dengue huzaa kwenye maji safi kama hayo, na huuma mchana. Hawasubiri tukalale."

"Kakwambia nani?"

"Nililazwa nayo mwaka jana. Hadi kope ziliniuma."

Bi Kokuberwa akakaa kitandani. Mdomo wake ukajaribu kubaki mwenyekiti, ukashindwa. Akacheka mpaka miwani ikaanguka, na kifaranga akaidonoa.

Akaibeba chupa mwenyewe hadi uani, akamwaga maji kwenye sinia la vifaranga. Wakayavamia, wakagombania viluwiluwi kama wali wa harusini. Ua akalichomeka kwenye udongo. Kisha akampigia mwanawe.

"Brightson, mke umepata. Njoo na vyandarua viwili vipya na wavu wa kuku." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Ila kabla hujatoka, mwaga maji ya machupa yangu yote pale sebuleni. Kikundi kinakutana kwangu saa nane."